Mafua Yasiyoisha kwa Mtoto: Fahamu Mzio Unaorithiwa

Wakati wa kiangazi, vumbi linapotanda kutoka Mwingi hadi Kibwezi, wazazi wengi hulalamika kwamba watoto wao wana mafua yasiyopona. Mtoto hupewa dawa za antibiotiki, humaliza dozi, na baada ya siku chache pua inaanza tena. Huenda si mafua bali ni mzio wa pua, yaani aleji.

Mafua ya kawaida huisha kwa wiki moja au siku kumi hivi. Mzio hudumu au hurudi mara kwa mara: mtoto hupiga chafya mfululizo, hutokwa na kamasi jepesi kama maji, na hujikuna pua na macho, bila joto jingi mwilini. Antibiotiki haziutibu.

Je, ni wa kurithi?

Kinachorithiwa ni mwelekeo wa mwili, si ugonjwa wenyewe. Jeni nyingi, kutoka kwa mama na kwa baba, huchangia kidogo kidogo kuifanya kinga ya mwili ishtuke inapokutana na vitu visivyo na madhara kwa wengine, kama chavua ya nyasi. Mzazi mmoja akiwa na mzio, uwezekano wa mtoto kuupata huongezeka. Wakiwa wote wawili, huongezeka zaidi.

Mzio hubadilisha sura ndani ya ukoo mmoja. Baba mwenye pumu au mama mwenye ukurutu anaweza kuzaa mtoto mwenye mzio wa pua. Kwa hivyo mzazi mmoja asilaumiwe, wala jirani asishukiwe kwa uchawi.

Hata hivyo, jeni si hukumu. Mapacha wanaofanana hubeba jeni zilezile, lakini mmoja anaweza kuwa na mzio na mwenzake asiwe nao. Mazingira pia yana nguvu, na hayo tunaweza kuyarekebisha.

Hatua za nyumbani

- Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia.
- Anika godoro na blanketi juani. Fua matandiko kwa maji moto kila wiki.
- Mweke mtoto mbali na moshi wa kuni, mkaa na sigara.

Ukienda kituo cha afya

Mweleze mhudumu ni nani katika familia, upande wa mama na wa baba, mwenye pumu, ukurutu au mzio. Taarifa hiyo humsaidia kutambua tatizo na kuchagua dawa inayofaa umri wa mtoto. Mzio wa pua mara nyingi huandamana na pumu, kwa hivyo taja pia kikohozi cha usiku.

Mtoto akipumua kwa shida, kifua kikibana au kikitoa sauti kama filimbi, mpeleke hospitali mara moja. Uchafu wenye harufu mbaya ukitoka tundu moja tu la pua, mpeleke siku hiyo hiyo: huenda punje ya ndengu au shanga imekwama ndani. Usijaribu kuitoa mwenyewe.