Breki Zilizoganda za Land Rover ya Pwani

Land Rover ya Series II au III iliyoegeshwa miaka kadhaa chini ya mwembe, kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo na Saadani, humdanganya mnunuzi. Bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu kama bati la chuma. Lakini dramu za breki ni chuma cha kusubu, na upepo wa bahari, uwe wa kaskazi au wa kusi, huziletea chumvi.

Adui mwingine yumo ndani. Mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, hunyonya unyevu. Maji hayo hulisha kutu kwenye silinda za magurudumu, na pistoni hushikamana na silinda.

Wengi huanza na nyundo na gesi. Tusianze huko. Kwanza, handbreki ya gari hizi haishiki magurudumu. Hushika propela shafti. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gari linaweza kuondoka ingawa handbreki imevutwa. Weka kabari, na gari likae juu ya stendi, si jeki pekee.

Kisha legeza bolti ya kurekebishia breki ili viatu virudi ndani. Dramu ya zamani huwa na ukingo wa kutu, na viatu visiporudi, hukwama hapo hata ukiigonga hadi jioni. Bolti yenyewe ikikataa, inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu, iache hadi kesho, kisha izungushe kidogo kidogo mbele na nyuma. Vumbi la viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto: lilowanishe, usilipulize.

Pistoni ndiyo kazi hasa. Acha paipu ya breki ikiwa imeungwa kwenye silinda, mwenzako akanyage pedali polepole. Presha ya mafuta huweza kupita bar 70. Kompresa ya gereji hutoa kama bar 8 tu, tena upepo huirusha pistoni ghafla na kuumiza vidole. Silinda kuu nayo ikiwa imeganda, bomba la grisi linafaa, mradi usafishe grisi yote baadaye, kwa kuwa huharibu mipira ya breki. Moto usikaribie silinda yenye mafuta ndani.

Pistoni ikishatoka, mulika ndani kwa tochi. Madoa mepesi huondoka kwa msasa laini. Ukiona mashimo ya kutu, silinda hiyo usiirudishe: mpira mpya hautazuia mafuta kuvuja. Nunua nyingine, na mafuta ya breki uyabadilishe kila baada ya miaka 2.