Henderson na Lillard: Chipukizi wa Portland apimwe kwa mizani ipi?

KWA muda wa miaka 11, mashabiki wa mpira wa vikapu mjini Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, walizoea kuona nambari moja mgongoni mwa mchezaji aliyewapandishia mpira: sifuri. Damian Lillard aliichagua kwa kuwa yafanana na herufi O, ambayo ndiyo mwanzo wa majina ya Oakland alikozaliwa, Ogden alikosomea chuo kikuu na Oregon alikojipatia riziki na sifa.

Msimu wa 2023-24 ulipoanza, Lillard hakuwapo tena. Mpira ulikuwa mikononi mwa kijana wa miaka 19, Scoot Henderson, ambaye mgongoni alivaa sifuri mbili.

Tangu hapo kijana huyo amekuwa akiulizwa, msimu baada ya msimu, kama anaweza kuwa Lillard mwingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali lenyewe limeulizwa visivyo. Wanaoliuliza humweka kwenye mizani mwanagenzi aliyeingia kazini juzi, na upande wa pili wakamweka fundi aliyekwisha kukamilika. Mizani ya aina hiyo haiwezi kusema kweli.

Mlinganisho ulivyoanza

Mlinganisho huu haukuzuka kwa bahati. Usiku wa Juni 22, 2023, timu ya Portland Trail Blazers ilikuwa na nafasi ya tatu katika drafti, utaratibu ambao timu za ligi ya NBA hutumia kugawana vijana wapya. Ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuibadilisha nafasi hiyo kwa mchezaji mkomavu ambaye angemsaidia Lillard kuwania ubingwa kabla umri haujampiku. Ya pili ilikuwa kumchagua chipukizi na kuanza kujenga upya.

Timu ilifuata njia ya pili. Baada ya San Antonio kumtwaa Mfaransa Victor Wembanyama na Charlotte kumchukua Brandon Miller, Portland ilimteua Henderson, mchezaji wa nafasi ile ile ya Lillard. Siku tisa baadaye, Julai 1, Lillard aliomba kuuzwa. Mnamo Septemba 27 akapelekwa Milwaukee Bucks katika mapatano yaliyoihusisha pia Phoenix Suns.

Kwa hivyo Henderson hakurithi nafasi iliyoachwa wazi na mtu aliyestaafu. Alikuwa ishara ya uamuzi uliomfanya mwenye nafasi afungashe virago. Kila kikapu alichokosa kilionekana kama ushahidi dhidi ya uamuzi huo.

Silaha ya Lillard

Ili tuelewe pengo lililobaki, inafaa tuelewe kwanza kazi ya nafasi hii. Mwelekezi wa mchezo ndiye aupandishaye mpira kutoka nyuma na kuamua nani aupate, wapi na lini. Mara nyingi mwenzake mrefu husimama njiani mwa mlinzi anayemkaba, kama ukuta, ili mwelekezi apite pembeni yake. Katika nukta hiyo mlinzi hulazimika kuchagua: apite mbele ya ukuta ili azuie mtupo wa mbali, au apite nyuma yake ili azibe njia ya kuelekea kikapuni.

Lillard aliwanyima walinzi chaguo hilo. Mstari wa pointi tatu katika NBA uko umbali wa mita 7.24 kutoka kikapuni, lakini yeye aliweza kutupa akiwa hatua kadhaa nyuma yake, tena akiwa bado anadundisha mpira. Aliyepita nyuma ya ukuta aliadhibiwa papo hapo. Aliyetoka nje kumfuata aliacha uwazi mkubwa nyuma yake, na humo wenzake Lillard wakapata nafasi ya kufunga.

Mfano usiosahaulika ni wa Aprili 23, 2019, katika mechi ya tano ya raundi ya kwanza ya mchujo dhidi ya Oklahoma City Thunder. Alama zilikuwa 115-115. Lillard aliuchezea mpira karibu na katikati ya uwanja huku Paul George, mmoja wa walinzi hodari wa ligi wakati huo, akimtazama. Kisha akautupa kutoka umbali wa futi 37, yaani zaidi ya mita 11, na kengele ikalia mpira ukiingia. Portland ilishinda 118-115 na kumaliza mkondo huo kwa mechi 4-1. Lillard alifunga pointi 50. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa asubuhi ya Aprili 24, na kuna waliochelewa kazini kwa sababu yake.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka wa 2014, aliwatoa Houston Rockets kwa mtupo wa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 0.9, na Portland ikashinda 99-98. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa timu hiyo katika raundi yoyote ya mchujo tangu mwaka wa 2000. Desemba 2022 alimpita Clyde Drexler na kuwa mfungaji bora katika historia ya klabu. Februari 26, 2023, akiwa na umri wa miaka 32, aliifunga Houston pointi 71 katika mechi moja. Msimu huo, wa mwisho kabla ya kuondoka, wastani wake ulikuwa pointi 32.2 kwa mechi.

Huyo ndiye aliyewekwa kwenye mizani dhidi ya kijana wa miaka 19.

Silaha ya Henderson

Henderson alifika kwa njia nyingine kabisa. Hakupitia chuo kikuu. Akiwa na umri wa miaka 17 alitia saini mkataba na G League Ignite, timu iliyoanzishwa mwaka wa 2020 ili kuwaandaa vijana kwa NBA na iliyovunjwa mwaka wa 2024. Oktoba 2022, katika mechi ya maonyesho, aliiongoza Ignite kuishinda timu ya Wembanyama, Metropolitans 92, kwa alama 122-115. Yeye alifunga pointi 28 na kutoa pasi tisa za kufungia.

Sifa yake kuu iko miguuni na kifuani. Ana mwendo wa ghafla, anabadilisha kasi bila kutoa dalili, na anapogongana na mlinzi hayumbi. Kipaji chake kingine ni jicho la pasi. Akishaingia ndani, huwaona wenzake pembeni mapema na mpira huwafikia wakiwa bado hawajakabwa.

Kwa ufupi, Lillard aliuvuta ulinzi utoke nje, naye Henderson huingia ndani na kuubomoa. Hizo ni kazi mbili tofauti, hata kama nafasi uwanjani ni moja.

Kasoro ya Henderson ilijitokeza mapema. Kwa kuwa mtupo wake wa mbali haukuaminika, walinzi walipita nyuma ya ukuta bila wasiwasi, wakarudi hatua mbili na kumngoja karibu na kikapu. Mbio zake zikakosa pa kupitia. Mtu mwenye kasi anahitaji mlinzi amsogelee ili ampite, na hakuna mlinzi anayemsogelea mtu asiyemtisha kwa mtupo.

Takwimu za mwaka wa kwanza

Mlinganisho wa haki ni wa mwaka wa kwanza kwa mwaka wa kwanza. Katika msimu wa 2012-13 Lillard alicheza mechi zote 82, kwa wastani wa dakika 38.6, pointi 19.0 na pasi za kufungia 6.5. Katika mechi yake ya kwanza kabisa, dhidi ya Los Angeles Lakers, alipata pointi 23 na pasi 11. Wapiga kura wote walimteua kuwa chipukizi bora wa mwaka.

Henderson, katika msimu wa 2023-24, alicheza mechi 62 kwa wastani wa dakika 28.5, pointi 14.0 na pasi 5.4. Timu yake ilishinda mechi 21 na kushindwa 61.

Kwa juu juu, tofauti ni kubwa. Lakini Lillard alikaa uwanjani dakika kumi zaidi kila mechi. Tukikokotoa upya na kumpa kila mmoja dakika 36, Lillard anapata pointi 17.7, na Henderson naye anapata 17.7. Kwa pasi za kufungia, Lillard anapata takriban 6.1 na Henderson 6.8. Chipukizi anayesemekana kuwa kivuli tu cha mtangulizi wake kumbe alilingana naye kwa pointi na kumzidi kwa pasi.

Hesabu hiyo isitupumbaze, hata hivyo. Tofauti ya kweli imejificha katika gharama ya pointi hizo. Lillard alifunga asilimia 42.9 ya mitupo yake yote na asilimia 36.8 ya mitupo ya pointi tatu. Henderson alifunga asilimia 38.5 na 32.5. Tena kwa kila dakika 36, Lillard alipoteza mpira mara 2.8, ilhali Henderson aliupoteza mara 4.3. Wote wawili walivuna kiasi kimoja, lakini mmoja alimwaga mbegu nyingi zaidi njiani.

Umri nao una lake la kusema. Lillard alianza NBA akiwa na miaka 22, baada ya miaka minne katika Chuo Kikuu cha Weber State. Katika umri ambao Henderson alikuwa akikabiliana na wakomavu wa ligi kuu duniani, Lillard alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, akicheza mbali na macho ya walimwengu. Makosa ya Lillard ya miaka 19 yalifanyika Ogden, na ni wachache wanaoyakumbuka. Ya Henderson yaliandikwa magazetini kila kulipokucha.

Kinachofundishika na kisichofundishika

Swali lenye manufaa zaidi ni hili: kati ya yale yaliyomkosa Henderson, ni yapi yanaweza kufundishwa?

Kasi na nguvu za mwili hazifundishwi. Jicho la pasi hunolewa tu pale lilipo. Mtupo, kwa upande mwingine, ni kazi ya mazoezi, na kuna kipimo ambacho makocha hukitazama kwa makini: mitupo huru, ile inayotolewa baada ya kuchezewa vibaya. Hapo mtu hupiga peke yake, bila mlinzi wala haraka, na mkono wake huonekana ulivyo. Katika mwaka wao wa kwanza, Lillard alifunga asilimia 84.4 ya mitupo huru, naye Henderson asilimia 81.9. Mkono wa Henderson, basi, haukuwa mbovu. Kilichomshinda ni kuchagua wakati wa kutupa na kutulia anapotupa akiwa mbioni.

Msimu uliofuata ulitoa ushahidi wa awali. Katika mwaka wa 2024-25 wastani wake wa pointi ulishuka hadi 12.7, na waliotazama tarakimu hiyo pekee walisema amedidimia. Ukweli ni kuwa mitupo yake ya pointi tatu ilipanda hadi asilimia 35.4, huku mitupo yote kwa jumla ikifika asilimia 41.9. Alifunga pointi chache, lakini kwa gharama ndogo. Timu nayo ilitoka mechi 21 za ushindi hadi 36.

Hilo halimfanyi awe Lillard. Asilimia 35 ya mtu anayeachwa wazi si sawa na asilimia 37 ya mtu anayefuatwa na walinzi wawili hadi katikati ya uwanja. Lakini Henderson hahitaji kutupa kutoka mita 11. Anahitaji kumfanya mlinzi aogope kidogo tu, asogee hatua moja mbele, kisha miguu yake ifanye kazi iliyobaki.

Gwiji arejea

Kisa hiki kina mwisho ambao ni wachache waliouona ukija. Aprili 27, 2025, Lillard alikatika kano ya kisigino akiichezea Milwaukee katika mchujo dhidi ya Indiana Pacers. Klabu hiyo ilimwachilia, na Julai mwaka huo akatia saini mkataba wa miaka mitatu kurudi Portland, huku akijua kwamba angekaa nje kwa muda mrefu. Septemba, Henderson naye akaumia msuli wa nyuma ya paja. Msimu wa 2025-26 ulipofunguliwa, sifuri moja na sifuri mbili zilikuwa katika klabu moja, na wenye jezi hizo wote wawili walikuwa majeruhi.

Kwa miaka miwili watu walimtaka Henderson azibe pengo la Lillard. Sasa mwenye pengo mwenyewe amerudi nyumbani, akiwa na umri wa miaka 35, na mguu uliokwisha kushonwa. Anachoweza kumpa kijana si nafasi yake bali yale yaliyomchukua yeye miaka kumi kuyajua: lini atupe, lini atulie, na jinsi ya kumfanya mlinzi aje mwenyewe.

Uamuzi wa Juni 2023 hauwezi kuhukumiwa kwa kuuliza kama Portland ilipata Lillard wa pili. Hakuna klabu ipatayo mtu wa namna hiyo mara mbili mfululizo. Utahukumiwa kwa kuuliza kama Henderson, kwa miguu yake na jicho lake, ataweza kuwafanya wenzake wanne kuwa bora. Mtoto hutambaa kabla ya kusimama, na hata Lillard alitambaa, ila yeye alipata bahati ya kutambaa pasipo na watazamaji.