Madelyn Pugh, mwandishi wa vituko vya Lucy

Mwaka 1952 Wamarekani walivunjika mbavu wakimtazama mchekeshaji Lucille Ball kwenye televisheni akiwa kiwandani, akibugia na kuficha chokoleti zilizokuwa zikimjia mbio kuliko alivyoweza kuzifunga. Ball walimjua vizuri. Wachache walimjua mwanamke wa miaka 31 aliyekiandika kituko kile pamoja na wenzake wawili.

Madelyn Pugh alizaliwa Indianapolis mwaka 1921, akasomea uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Indiana na kuhitimu 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Wanaume walikuwa wakiitwa jeshini, na vituo vya redio vikawafungulia wanawake nafasi walizokuwa wakinyimwa. Alianzia redio ya mjini kwao, kisha akahamia California. Huko, katika shirika la utangazaji la CBS, alikutana na Bob Carroll Jr., mwenzake wa kalamu kwa zaidi ya miaka 50.

Wawili hao walitamani mno kumwandikia Ball, aliyekuwa na kipindi cha redio, My Favorite Husband. Ili wapate muda wa kuandaa mswada wao, walimlipa Steve Allen, mchekeshaji waliyekuwa wakimwandikia, ajiandikie mwenyewe kipindi chake cha wiki hiyo. Wakaipata kazi.

Kipindi cha Ball cha televisheni, I Love Lucy, kilianza Oktoba 1951. Kwa misimu minne ya mwanzo waandishi walikuwa watatu tu: Jess Oppenheimer, Carroll na Pugh, mwanamke pekee.

Kuanguka, kulowa, kupakwa unga usoni: hiyo ilihesabiwa zaidi kuwa fani ya wanaume, kina Charlie Chaplin na Buster Keaton. Pugh aliiandikia mwanamke, na hakuiandika kwa kubahatisha. Vituko vingi alivijaribu kwanza yeye mwenyewe, aone kama mwanamke ataviweza. Siku alipopanda baiskeli ya gurudumu moja akajibamiza ukutani, baiskeli haikuingia kwenye mswada. Ball alipewa kilichokwisha kupimwa, naye akakitia uhai kwa kipaji ambacho Pugh hakuacha kukisifu.

Baada ya Lucy, yeye na Carroll walikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu wa Alice, kipindi kuhusu mama mjane anayelea mwanawe kwa kazi ya kuhudumu mgahawani Arizona. Kumbukumbu zake, Laughing with Lucy, zilitoka 2005. Alifariki Aprili 2011, akiwa na umri wa miaka 90.