Mtoto Mchanga Akiumia: Tuulize Kabla ya Kuhukumu



Tuchukulie mfano. Mama anampeleka hospitali mtoto wa miezi mitatu asiyeacha kulia, mguu umevimba. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa wa paja umevunjika. Daktari anauliza ilikuwaje, mama hajui. Anaitwa afisa ustawi wa jamii, na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wanafika. Kabla ya Jumapili, jumuiya nzima imeshasikia: "Wale wanamtesa mtoto."

Kwanza tuseme wazi kwamba daktari hakukosea. Mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa hawezi kujivunja mfupa kwa michezo yake, wala hawezi kujieleza. Ni lazima wengine waulize kwa niaba yake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa ya eneo lake. Kunyamaza ili tusiiaibishe familia ni kumrudisha mtoto kwenye hatari.

Lakini kuuliza si kuhukumu. Hapa somo letu la mantiki linatusaidia. Mvua ikinyesha, uwanja hulowa. Ila uwanja uliolowa hauthibitishi kwamba mvua imenyesha, kwani huenda mtu amemwaga maji. Vivyo hivyo, mtoto akipigwa anaweza kuvunjika mfupa, lakini mfupa uliovunjika peke yake hauthibitishi kwamba amepigwa. Upo ugonjwa wa kurithi unaofanya mifupa ivunjike kirahisi. Upo upungufu wa vitamini D, unaoleta matege na kudhoofisha mifupa. Wapo wanaovunjika mtulinga wakati wa kuzaliwa. Ndiyo maana madaktari hupiga picha za mwili mzima, hupima damu, hukagua macho, na hulinganisha maelezo ya wazazi na jeraha lenyewe.

Hata wataalamu wamejifunza jambo hili. Mwaka 1971 daktari Mwingereza Norman Guthkelch aliandika kwamba kumtikisa mtoto mchanga kwa nguvu kunaweza kumvujisha damu ndani ya kichwa. Onyo lile lilikuwa la kweli na la lazima. Lakini uzeeni alisikitika kuona wengine wakiichukua damu hiyo kuwa ushahidi tosha wa kosa, bila kutafuta sababu nyingine.

Je, sisi waamini tufanye nini? Tukiona mtoto anaumizwa, tutoe taarifa. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Tukisikia familia inachunguzwa, tusiongeze neno, kwani amri ya nane inatukataza kumdhania jirani ubaya bila ushahidi wa kutosha. Tuwatembelee wazazi hao. Tuwashauri waseme ukweli wote, watunze kadi ya kliniki na karatasi za hospitali, na watafute msaada wa kisheria mapema.

Uchunguzi ukionyesha kosa, mtoto atakuwa amelindwa, na sheria itafuata mkondo wake. Usipoonyesha kosa, mama yule atarudi kanisani akiwa na mtoto wake mgongoni. Siku hiyo asitukute tumeshamhukumu.