Mtoto akitaka mbwa: Achukuliwe mdogo au aliyekomaa?

Kilosa. Huanza hivi. Mtoto anachelewa kurudi kutoka shule, na akifika mlangoni ameshika shati lake kifuani kama mtu aliyeficha embe. Ndani ya shati kuna mtoto wa mbwa, macho yanang’aa, tumbo limejaa kama puto. “Mama, wamezaliwa watano. Huyu tumepewa bure.”

Wiki hiyohiyo, jirani ambaye ni mtumishi amepata uhamisho. Mbwa wake wa miaka minne hawezi kupanda naye basi, na anauliza kama kuna nyumba itakayompokea.

Hapo mzazi wa Kilosa au Mikumi anabaki na swali la kujibu kabla ya chakula cha usiku: achukuliwe mdogo au mkubwa? Wengi huchagua mdogo, kwa kuwa samaki mkunje angali mbichi. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linasahau jambo moja. Samaki hajikunji mwenyewe. Lazima awepo mtu wa kumkunja, na katika nyumba nyingi mtu huyo asubuhi yuko shambani, sokoni au kazini, na mtoto aliyeahidi kila kitu yuko darasani.

Mdogo ana kazi

Mtoto wa mbwa hapaswi kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki nane. Katika wiki hizo anapata maziwa, na kwa kucheza na ndugu zake anajifunza kwamba kuuma kunaumiza. Aliyeondolewa mapema hukua na meno yasiyo na adabu, na wa kwanza kuyaonja ni watoto wa nyumba hiyo.

Akishafika nyumbani, anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, kidogokidogo. Uji mtupu au ugali peke yake haumtoshi. Anahitaji dagaa, mabaki ya nyama au yai ili mifupa yake ijengeke. Atajisaidia popote mpaka afundishwe, na katika miezi ya nne hadi ya sita, meno yanapobadilika, atatafuna kandambili, daftari na pindo la kanga iliyoanikwa.

Faida yake ni kubwa pia. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi, mbwa hujifunza dunia. Akiwaona kuku, mbuzi, bodaboda na watoto wanaopiga kelele katika kipindi hicho, akiwa salama na mtu mpole karibu yake, hataviogopa ukubwani. Nyumba yenye bibi, dada au baba anayeshinda hapo inaweza kumlea vizuri. Nyumba inayofungwa asubuhi na kufunguliwa jioni itapata mbwa aliyelelewa na barabara.

Kwa Mikumi, neno barabara si la mfano. Njia kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati ya mji, na malori hayasimami kwa ajili ya mtoto wa mbwa, wala ya mtoto wa mtu anayemkimbilia.

Mkubwa ana historia

Mbwa wa miaka minne ameshamaliza utundu wa meno. Anakula mara moja au mbili kwa siku, anajua kubweka mgeni akija, na tabia yake inaonekana leo, haihitaji kubashiriwa. Kwa familia inayotaka mlinzi na haina mtu wa kushinda na mnyama, mara nyingi huyu ndiye anayefaa.

Lakini huja na mambo aliyoyaona huko atokako. Kabla ya kumpokea, mzazi amuulize mwenyewe bila aibu: Kwa nini unamwacha? Amewahi kumuma mtu? Anafanyaje mtoto akimkaribia wakati anakula? Anawaacha kuku? Cheti chake cha chanjo kiko wapi? Kisha aende kumtazama kwao, zaidi ya mara moja, akiwa na watoto. Mbwa anayejikunyata, anayekaza mwili au kuonyesha meno mtoto anapopita hafai nyumba yenye watoto wadogo, hata kama anatolewa bure.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa mkubwa, jembe lisubiri zaidi. Apewe wiki kadhaa za kuizoea nyumba, alale sehemu moja, alishwe na mtu mmoja, na watoto wasimkumbatie wala kumsumbua akiwa amelala au anakula. Akiachiwa siku ya kwanza, huenda akarudi alikotoka.

Wapo pia wazazi Waislamu wanaofuga mbwa kwa ulinzi na kuzingatia tohara kwa sababu ya mate yake. Kwao, mbwa mdogo anayeramba kila anachokiona na kuingia kila chumba ni mtihani mkubwa kuliko mbwa mzima aliyezoea kukaa bandani nje.

Lile tumbo la puto

Tumbo lililojaa la mtoto wa mbwa huwafurahisha watoto, lakini mara nyingi ni dalili ya minyoo. Watoto wa mbwa huipata minyoo tangu tumboni mwa mama na kupitia maziwa yake. Mayai yake hutoka na kinyesi, hukomaa mchangani kwa wiki kadhaa, na mtoto anayecheza hapo kisha akala bila kunawa anaweza kuyameza.

Ndiyo maana mbwa mdogo huhitaji dawa ya minyoo mara kwa mara katika miezi yake ya mwanzo, na mkubwa kwa ratiba atakayopanga mtaalamu. Kinyesi kizolewe kila siku na kufukiwa mbali na wanapochezea watoto. Kwa mbwa mdogo kuna pia parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu unaoweza kumuua kwa siku chache. Upo kwenye kundi la chanjo zinazoanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa. Ofisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa kwanza. Kwa matatizo makubwa, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama mjini Morogoro.

Kichaa hakichagui umri

Jambo ambalo halina mdogo wala mkubwa ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata. Shirika la Afya Duniani linasema karibu maambukizi yote kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na kwamba kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Wazazi wengi huamini mtoto wa mbwa hawezi kuwa na kichaa. Anaweza. Naye si lazima aonekane mkali. Anaweza kuonekana mnyonge tu, na mtoto mwenye huruma akambeba. Hata mbwa wa chini ya miezi mitatu anaweza kuchanjwa, kisha chanjo irudiwe kama mtaalamu atakavyoelekeza. Mkubwa asiye na cheti ahesabiwe kuwa hajachanjwa.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, hata kidogo, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Si pilipili, si mafuta ya taa, si kusubiri kuona. Mbwa akipatikana, azuiliwe na kuangaliwa kwa siku 10, lakini matibabu ya mtoto yasisubiri siku hizo. Watoto waambiwe pia kwamba hawatachapwa wakisema wameumwa, maana wengi huficha jeraha wakiogopa fimbo.

Jirani na hifadhi

Kwa wakazi wa Mikumi kuna sababu nyingine ya chanjo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wanasayansi waliuhusisha na mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Hifadhi ya Mikumi nayo ina simba na mbwa mwitu. Mbwa wa nyumbani anayezurura huko anaweza kupeleka ugonjwa au kurudi nao, na usiku chui na fisi humwona kuwa chakula. Awe mdogo au mkubwa, alale kwenye banda lenye mlango.

Usiku wa leo

Basi nyumba yenye mtu wa kushinda, subira ya mwaka mzima na watoto wanaoelekezeka inaweza kuchukua mdogo. Nyumba inayohitaji mlinzi na haina muda ichukue mkubwa anayejulikana alikotoka. Nyumba isiyoweza kugharamia chanjo na dawa ya minyoo ingoje, na kungoja si kumnyima mtoto.

Na yule aliye kwenye shati? Kama hajatimiza wiki nane, arudishwe kwa mama yake jioni hiihii, mzazi akiwa ameongozana na mtoto, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Mwenye mbwa aombwe amtunzie. Mtoto aliyeahidi kumlisha kila siku aanze kwa kwenda na mkubwa kumjulia hali kila siku, akimpelekea dagaa mama yake anayenyonyesha. Zikipita wiki tatu na bado anaikumbuka safari hiyo bila kukumbushwa, mzazi atakuwa amepata sehemu kubwa ya jibu lake.