Kisangani: Fidia itagawiwa, kumbukumbu itawekwa wapi?

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inataja raia kati ya 244 na 760 waliouawa.

Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Desemba hiyo, sheria mpya iliunda FONAREV, mfuko wa fidia kwa wahanga, ikaifanya tarehe 2 Agosti siku ya kuwakumbuka.

Lakini fedha hugawiwa zikaisha, na siku hupita. Majina ya marehemu na ushuhuda wa wazee wa Tshopo vinahitaji makumbusho, kabla mashahidi hawajaondoka.