Kutoka Pangoni hadi Kwenye Jedwali: Data za Akiolojia za Taita na Suala la Kuzitumia Upya

Utangulizi

Mtafiti wa fasihi ya Kiswahili anaijua vyema tofauti iliyopo baina ya utenzi uliochapishwa na mswada wake. Chapisho humpa msomaji uamuzi wa mhariri: neno alilolichagua pale ambapo wino ulififia, ubeti aliouhamisha, ubeti alioudondosha. Anayetaka kuuhoji uamuzi huo hana budi kuurudia mswada wenyewe. Ndiyo sababu hati zilizokusanywa na akina Taylor, Werner na Hichens, ambazo zimehifadhiwa SOAS jijini London, pamoja na zile za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hazikupoteza thamani hata baada ya tenzi nyingi zilizomo kutiwa vitabuni.

Akiolojia nayo ina miswada yake: majedwali ya vipimo, madaftari ya uwandani, michoro ya matabaka ya udongo, picha, orodha za vigae na mifupa, matokeo ya maabara. Ila kuna tofauti moja kubwa. Mswada wa utenzi waweza kusomwa mara mia, lakini tabaka la udongo likishachimbuliwa halirudi mahali pake. Mwanaakiolojia wa kizazi kijacho atakayetaka kukagua hitimisho la aliyemtangulia hatakuwa na ardhi ya kuikagua. Atakuwa na kumbukumbu tu. Kumbukumbu hizo zikipotea, au zikibaki katika tarakilishi ya mtu mmoja aliyekwisha kustaafu, makala aliyoyachapisha yanageuka kuwa dai lisilo na ushahidi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi data za kidijitali za akiolojia na taaluma jirani zinavyoshirikiwa, kuchapishwa na kutumiwa upya, kwa kurejelea Kaunti ya Taita Taveta. Eneo hili limeteuliwa kwa sababu mahsusi. Mojawapo ya seti za data zinazotumiwa sana duniani katika uchunguzi wa mafuvu ya binadamu ina safu 83 zilizotoka Taita.

Kuchapisha data ni nini?

Kumtumia mwenzako jedwali kwa barua-pepe ni kushiriki, si kuchapisha. Data huhesabiwa kuwa zimechapishwa zinapowekwa katika hazina inayodhaminiwa na taasisi, mathalani Archaeology Data Service iliyoanzishwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Hazina ya namna hiyo huipa seti ya data kitambulisho cha kudumu ili iweze kunukuliwa kama kitabu kinavyonukuliwa, huihamisha kutoka aina moja ya faili hadi nyingine kadiri programu zinavyochakaa, na huitaja leseni, yaani masharti ya matumizi. Mwaka 2016 kundi la wataalamu lilitoa kanuni nne ambazo tangu hapo zimeenea katika taaluma nyingi: data zipatikane, zifikike, zioane na data nyingine, na ziweze kutumika upya.

Lililo gumu zaidi ni metadata, yaani maelezo yanayoifafanua data yenyewe. Jedwali lenye nguzo zilizoandikwa vifupisho ambavyo mwenyewe tu ndiye anayevielewa ni sawa na mswada wa hati za Kiarabu mbele ya msomaji asiyejua hata alifu. Kenya ina utaratibu mmoja mzuri katika jambo hili: maeneo ya akiolojia hupewa misimbo ya herufi na tarakimu kulingana na miraba ya ramani, kama vile GvJm22 huko Lukenya, hivyo watafiti wawili wasioonana kamwe huweza kuwa na hakika kwamba wanazungumzia mahali pamoja. Lakini msimbo hutaja mraba wa ramani tu. Hausemi ni nani aliyekuwa akipaita mahali hapo nyumbani.

Safu 83

Katika desturi ya kale ya Wataita, mzee aliyefariki hakuzikwa akaachwa. Baada ya muda kaburi lilifukuliwa, fuvu likatolewa na kuwekwa katika pango la ukoo, likapangwa pamoja na mafuvu ya waliotangulia. Watu walikwenda huko ukame ulipozidi au maradhi yalipoiandama nyumba. Mwanaanthropolojia Grace Harris, katika kitabu chake Casting Out Anger kilichotoka mwaka 1978, ameieleza kwa kina ibada ya kutasa, ambayo mwombaji hupuliza kinywaji kutoka kinywani huku akinena maneno ya kuiondoa hasira moyoni. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, kutasa ni utanzu unaostahili sura nzima ya tasnifu. Kwa ukoo, fuvu lilikuwa mzee anayesikiliza.

Enzi za ukoloni, mafuvu kadhaa yaliondolewa Taita na kupelekwa Cambridge. Mwaka 1931 Elisabeth Kitson alichapisha uchunguzi wa mafuvu kutoka koloni la Kenya katika jarida la Biometrika. Miongo kadhaa baadaye akaja William White Howells wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeishi kati ya 1908 na 2005. Howells alizunguka makumbusho na maabara za mabara mbalimbali akipima mafuvu kwa mkono wake mwenyewe ili vipimo vyote vilingane. Alipomaliza alikuwa na mafuvu 2,524 kutoka jamii 28. Miongoni mwake, 83 aliyapima Cambridge: ya wanaume 33 na ya wanawake 50. Jamii hiyo aliiandika TEITA, kwa tahajia ya maofisa wa kikoloni.

Vitabu vyake vilitoka mwaka 1973, 1989 na 1995. Kisha mwaka 1996 Howells akafanya jambo ambalo wasomi wengi wa rika lake hawakulifanya: alitangaza kwamba vipimo vyote sasa vinapatikana bila malipo katika mtandao wa intaneti. Tangu hapo faili hilo limekuwa likitumiwa kila upande. Wachunguzi wa vifo hulitumia katika programu za kukisia asili ya fuvu lisilojulikana ni la nani. Walimu hulitumia kufundishia takwimu. John Relethford, katika makala ya mwaka 1994, alikuwa amekwisha kutumia vipimo vya Howells kuonyesha kwamba sehemu kubwa mno ya tofauti za maumbo ya mafuvu ya binadamu imo ndani ya kila jamii, si baina ya jamii na jamii. Kwa maneno mengine, vipimo vya mafuvu, elimu iliyozaliwa ili kuwapanga watu daraja kwa daraja, vilisaidia kuubomoa msingi wa upangaji huo. Hili lisipuuzwe. Kama Howells angeyafungia majedwali yake kabatini, wengi waliomfuata wasingekuwa na njia ya kuuhakiki ushahidi.

Hata hivyo, mtu alifungue faili hilo na azisome safu za TEITA. Ataona namba, jinsi, jina la jamii, kisha vipimo: urefu wa fuvu, upana, kimo cha uso, vingi kwa milimita. Hataona jina la pango. Hataona ukoo, wala kijiji, wala kama fuvu lilitolewa kwa ridhaa. Mzee aliyetasiwa na wajukuu amekuwa safu, na ule uhusiano uliompa maana haukuwekewa nguzo katika jedwali. Tatizo hapa si uwazi wa data. Ni kwamba kilichowekwa wazi kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye shina lake kabla ya kuwekwa wazi, na kila anayekitumia upya hurithi mkato huo pasipo kujua.

Makwasinyi, 2023

Kusini-mashariki mwa Voi unasimama mlima Kasigau, na chini yake vijiji vya Rukanga, Makwasinyi, Jora, Kiteghe na Bungule. Tangu miaka ya 1990 Chapurukha Kusimba na wenzake wamefanya utafiti mrefu Tsavo na Kasigau. Waliandika juu ya mapango yaliyozungushiwa kuta za mawe, ambayo Kusimba, katika makala ya mwaka 2004, aliyahusisha na hofu ya misafara ya watumwa. Wenyeji wa Kasigau wana sababu nyingine ya kuzithamini kumbukumbu za aina hii. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu hadi Malindi ikiwashuku kuwasaidia Wajerumani, na hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1936. Wengi walifia huko. Jamii iliyokaa ugenini miaka 21 hupoteza wasimulizi kabla ya masimulizi kurithiwa, na pengo la namna hiyo huenda likazibwa kwa sehemu na daftari la mchimbaji.

Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, ulioongozwa na Esther Brielle pamoja na Kusimba, David Reich na wengineo. Watu hao walitoka katika miji sita ya pwani na mahali pamoja pa bara: Makwasinyi. Magazeti yalishughulika na habari moja tu, kwamba Waswahili wengi wa zama za kati walikuwa na mababu wanaume kutoka Uajemi na mababu wanawake wa Kiafrika, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Makwasinyi haikutajwa sana. Lakini ndiyo iliyobeba nusu ya hoja, kwani data za huko, za baada ya mwaka 1650, zilitumika kama kipimo cha asili ya Kiafrika ya watu wa pwani ya Kenya. Asili hiyo ilionekana kuwa na sehemu ya Wabantu na sehemu ya wafugaji wa kale wa Afrika Mashariki.

Data zenyewe ziliwekwa katika hifadhi ya umma huko Ulaya. Mtafiti wa Tokyo anaweza kuzipakua leo na kuuliza swali ambalo waandishi hawakuliuliza. Na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia, kwani mwaka 1981 wanaisimu Christopher Ehret na Derek Nurse walikwisha kuchapisha makala kuhusu Wakushi wa Taita. Kwa kuchambua maneno ya mkopo yaliyomo katika Kidawida na Kisaghala, walidai kwamba wasemaji wa lugha za Kikushi waliwahi kuishi vilimani humo na lugha zao zikafa zikiacha msamiati tu. Ni kweli kwamba vinasaba havisemi lugha, na asiwepo wa kudai kuwa maabara imethibitisha isimu. Lakini orodha ya maneno ya mwaka 1981 na majedwali ya mwaka 2023 ni data za mahali pamoja, na hakuna awezaye kuzilinganisha vizuri ila yule anayeisikia Kidawida ikisemwa. Mtu huyo yuko Wundanyi au Voi, na aghalabu hajui kwamba faili lipo.

Hatari ya uwazi

Wapo wanaodai kuwa kila kitu kiwekwe wazi. Jirani za Wataita upande wa pwani, Wamijikenda, wana la kusema juu ya hilo. Vigango, nguzo za mbao wanazowasimikia wafu wao, vimeibwa kwa miaka mingi na kuuzwa Marekani. Anayechapisha mahali hasa kilipo kigango, au pango lenye mafuvu, humchorea mwizi ramani. Ndiyo maana hazina nyingi siku hizi huficha vipimo kamili vya mahali na kuwapa watafiti wanaoaminika tu.

Lakini kisa hichohicho kina upande wa pili. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda kando ya vigango viwili vya nduguze. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Afrika, mwenzake Linda Giles alionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika jumba la makumbusho la Illinois State University, na Udvardy akakitambua kimojawapo. Cha pili kilipatikana Hampton University, Virginia. Mwaka 2007 familia ilikabidhiwa kigango chake cha kwanza. Bila picha ya 1985 kusingekuwa na ushahidi. Bila picha hiyo kukutana na picha za mtu mwingine, ushahidi ungebaki kabatini.

Nguzo zinazokosekana

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka mchimbaji apate kibali, na Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inatambua kwamba jamii ni mwenye mali. Mwaka 2019 yalitolewa pia maazimio ya kimataifa yanayotaka data za jamii asilia ziheshimu mambo manne: manufaa ya wote, mamlaka ya wenyewe, uwajibikaji na maadili. Haya yote ni mema, ila yameandikwa kwa Kiingereza na yanatekelezwa na watu wanaojaza metadata kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayeandika “kutasa” katika sehemu ya kutafutia ya hazina hatapata chochote hata kama kitu kimo, maana aliyeingiza data aliandika neno la lugha nyingine.

Kazi ya kurekebisha hilo haihitaji maabara. Inahitaji istilahi zilizokubaliwa za Kiswahili kwa aina za vigae, kuta, makaburi na mapango, majina ya Kidawida, Kisaghala na Kikasigau yakiwekwa kando yake, na mtu wa kuwahoji wazee wa koo huko Wundanyi, Mwatate na Kasigau juu ya pango lipi lilikuwa la nani. Kwa zile safu 83, pa kuanzia ni vitabu vya mapokezi vya Cambridge, ambamo huandikwa kitu kilitoka wapi na kililetwa na nani. Jina la pango likipatikana humo, faili la Howells linaweza kuongezewa nguzo moja.